Urambo Ilishawaachia Wataalamu

Malengo ya Maendeleo Endelevu, yale 17 yenye shabaha 169 yaliyopitishwa New York Septemba 2015, yanafika ukomo mwaka 2030, na ni wachache wanaoamini bado kwamba yatatimia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa wenyewe ya mwaka 2024 ilikiri kuwa asilimia 17 tu ya shabaha ndizo zilizokuwa zikienda kwa mwendo unaotakiwa. Mazungumzo kuhusu yatakayofuata yameshaanza, na mapatano ya viongozi wa dunia ya Septemba 2024 yamepanga jambo hilo litazamwe rasmi mwaka 2027. Katika mazungumzo hayo kuna imani moja inayopita bila kuulizwa maswali, kuanzia kumbi za Nairobi na Geneva hadi semina za halmashauri zetu: kwamba malengo yamekwama kwa sababu wanasiasa waliyaingilia, kila nchi ikachomeka lake, na safari hii kazi ya kuyaandika waachiwe wataalamu, watu wenye takwimu na bango kitita. Imani hii ina sura ya busara. Mkoa wa Tabora unaijua sura hiyo, kwa kuwa umeishi nayo mara mbili, na mara zote mbili ilikuja na fungu nono.

Mara ya kwanza ilikuwa Urambo. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula, na Frank Samuel wa United Africa Company, iliyokuwa chini ya Unilever, akaleta wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa matrekta. Serikali ya London haikukurupuka. Ilituma wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, kwa hiyo si mgeni wa nchi hii. Walizunguka kwa wiki tisa, sehemu ya ukaguzi wakiifanya kwa ndege, wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3 zilizogawanywa katika mashamba ya ekari 30,000 kila moja. Kongwa, Nachingwea na Urambo zikachaguliwa. Vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, visiki na mizizi vikavunja majembe, udongo wa Kongwa ukakauka hadi karanga zikashindikana kuchimbuliwa, mvua nayo haikufuata ratiba ya mtu. Januari 1951 mradi ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara.

Husimuliwa kwamba kosa lilikuwa utaalamu pungufu: udongo haukupimwa vya kutosha, kumbukumbu za mvua zilikuwa chache. Dawa yake basi inakuwa utaalamu zaidi, na hapo ndipo hoja inapopinda. Hata kama kila kipande cha udongo kingepimwa, lengo lingebaki kuwa majarini kwenye meza za Waingereza, na Mnyamwezi angehesabiwa humo kama kibarua. Karanga hazikuwa ngeni kwake. Alizilima kwenye matuta, pamoja na mazao mengine, kwa kiasi ambacho kaya moja iliweza kupalilia na kuchimba. Maarifa hayo hakuyaficha mtu. Hayakuulizwa tu, kwa sababu mwenye lengo huuliza maswali yanayohusu lengo lake. Na waliokosea hawakulipa. Hasara ilibebwa na mlipakodi wa Uingereza, mashine zikawa chuma chakavu, wataalamu wakahamia kazi nyingine. Urambo ilibaki na ardhi iliyofyekwa na shirika lililorithi mradi, ambalo katika miaka ya 1950 likaanza kuhimiza zao jingine: tumbaku. Nitairudia tumbaku baadaye, maana ndiyo mpaka leo mkoa huu unaila na kuilipia.

Kinachoshangaza ni kwamba nchi hii hii, karne moja kabla, ilikuwa kitovu cha shughuli kubwa iliyopangika bila mtaalamu wa kutumwa hata mmoja. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, kisha Ujiji, ilikwenda kwa miguu na mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Burton na Speke waliofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, na Stanley aliyepita 1871, walijaza vitabu vyao malalamiko: wapagazi wavivu, wapagazi watoro, wapagazi wanaogoma njiani kwa ajili ya posho. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006, amezisoma habari za namna hiyo kwa jicho jingine, akaonyesha watu wa ujira wenye desturi zao za kazi: malipo ya vitambaa yaliyopatanwa kabla ya kuondoka, mzigo wenye uzito unaojulikana, posho isiyochezewa, na kirangozi aliyetangulia na kusikilizwa. Tajiri akivunja mapatano, mizigo iliwekwa chini au watu walitoweka usiku. Haikuwa pepo. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watumwa, na vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora viliwahi kuifunga. Lakini aliyebeba mzigo alikuwa na sauti juu ya uzito wake, na hiyo ndiyo sauti ambayo mipango ya kitaalamu iliyofuata haikuipa nafasi.

Mara ya pili ilikuwa Mbola, wilayani Uyui. Mwaka 2006 ikaingizwa katika Vijiji vya Milenia, mradi wa Jeffrey Sachs na Chuo Kikuu cha Columbia uliotaka kuthibitisha kwamba Malengo ya Milenia yanafikika hata kijijini kabisa ukileta kwa pamoja mbolea, mbegu, vyandarua, zahanati, shule na maji. Malengo hayo manane yenyewe yalipangwa 2001 na kikundi kidogo cha maofisa wa mashirika ya kimataifa. Mark Malloch-Brown, aliyekuwa mkuu wa UNDP, amesimulia hadharani kwamba orodha ilikuwa imeshakwenda kuchapwa ndipo alipopishana njiani na mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, akakumbuka kuwa mazingira yamesahauliwa. Huo ndio usahihi wa kitaalamu tunaoambiwa tuurudie. Mbola yenyewe tusiidhulumu. Tathmini ya mwisho, iliyochapwa 2018 katika jarida la The Lancet Global Health, Sachs akiwa mmoja wa waandishi, ilikuta vijiji 10 vya mradi viko mbele ya vile vya kulinganishwa katika vipimo 30 kati ya 40. Watoto waliolala chini ya chandarua ni watoto wa kweli. Lakini tathmini hiyo hiyo ilisema ni theluthi moja tu ya malengo iliyofikiwa, na vijiji vya kulinganisha vilichaguliwa baadaye, kwa kuwa mradi haukuanza na kipimo hicho mkononi. Kabla ya hapo, mwaka 2012, watu wa mradi walikuwa wametangaza kwamba vifo vya watoto vinapungua kwa kasi mara tatu ya ile ya kitaifa. Wachumi wengine wakaikagua hesabu, na dai likafutwa. Mradi ulifungwa 2015. Wataalamu waliondoka na makala za majarida, halmashauri na wanakijiji wakabaki na gharama za kuendesha kilichojengwa.

Sasa tumbaku, maana hapo mgongano unaonekana kwa macho. Mkulima wa Urambo au Kaliua anayekausha tumbaku ya mvuke hukesha kando ya bani karibu wiki nzima, akichochea kuni za miombo na kupandisha moto kwa hatua, kwani joto likiwahi jani huharibika rangi na gredi hushuka. Majani yakishapangwa na kufungwa marobota hupelekwa ghala la AMCOS, chama cha msingi cha wakulima. Mteuzi anataja gredi, bei inahesabiwa kwa dola, pembejeo za mkopo zinakatwa, kinachobaki ndicho ada ya shule na bati la nyumba. Msomee mtu huyu malengo ya dunia. Shabaha ya 3.a inataka mkataba wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia 2007, utekelezwe kwa nguvu zaidi. Ya 15.2 ilitaka ukataji wa misitu ukomeshwe ifikapo 2020, mwaka uliokwisha kupita. Lengo la 1 linamtaka atoke kwenye umaskini, la 8 linataka uchumi ukue. Kila moja lina haki yake na wataalamu wake, na hakuna mtaalamu kati yao anayelazimika kuishi na yote manne ndani ya msimu mmoja. Mkulima analazimika. Kifungu cha 17 cha mkataba huo kinazitaka serikali zihimize njia nyingine za kipato kwa wakulima wa tumbaku, na asali ya misitu ya Sikonge ni mojawapo ya wazi kabisa. Lakini nyuki hawakai msitu ulioishia kwenye bani, na makisio ya msimu ujao yanategemea kampuni zitataka kununua kilo ngapi.

Kuna wanaosema hoja hii ni chuki dhidi ya elimu: bila wataalamu, nani angetengeneza chanjo, nani angeyafikisha maji ya Ziwa Victoria Nzega, Igunga na Tabora, mji uliokuwa ukitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima? Mfano huo wa maji unaunga mkono hoja yangu, si yao. Wahandisi walijua kipenyo cha bomba na nguvu ya pampu, na hakuna mkutano wa hadhara unaoweza kupiga kura juu ya mambo hayo. Lakini hakuna mhandisi aliyewafundisha watu wa Tabora kutaka maji. Kilio kilikuwa chao, kilipita kwa madiwani na wabunge, kikawa ahadi ya kisiasa kabla hakijawa mchoro. Mtaalamu aliyeitwa kujibu haja ya watu ni tofauti na mtaalamu anayekaa kuamua haja hiyo iwe ipi, ingawa shahada zao zaweza kuwa zilezile.

Wengine watasema watu walishaulizwa. Kweli, malengo ya 2015 yaliandaliwa kwa uwazi kuliko yale ya 2001. Kikundi cha nchi kilichoongozwa na Macharia Kamau wa Kenya na Csaba Kőrösi wa Hungary kilikaa zaidi ya mwaka mmoja, na mamilioni ya watu walijaza dodoso la Umoja wa Mataifa. Dodoso hilo liliwataka wachague mambo 6 kati ya 16 yaliyokwisha kuorodheshwa. Kuchagua kwenye orodha ya mwenzako si kupanga. Wakulima wetu wanaijua hali hiyo bila kufika New York: kijiji kinakaa, kinaibua vipaumbele kwa utaratibu wa fursa na vikwazo, mpango unapanda wilayani, unakutana na ukomo wa bajeti na maelekezo ya juu, unarudi ukiwa na vitu ambavyo kijiji hakikuvitaja. Wala hili si suala la mzungu na Mwafrika. Tuliendesha Operesheni Vijiji kati ya 1973 na 1976 kwa mipango ya watu wetu wenyewe, na waliovunjiwa nyumba hawakufarijika kwa kuwa aliyeamuru alikuwa ndugu.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni kwamba watu wa kawaida hutazama karibu: watachagua tumbaku na mkaa leo, wasitazame msitu wa wajukuu. Jibu lake lipo Tabora penyewe. Januari 1958 wajumbe wa TANU, wengi wao wasio na elimu ya juu, walikutana hapa kuamua kama waingie Kura Tatu, uchaguzi uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Sharti lilikuwa la kuudhi. Walibishana, wengine wakaondoka kwenye chama, na wengi wakakubali uchungu wa karibu kwa ajili ya uhuru wa mbele. Watu hutazama mbali pale uamuzi unapokuwa wao na gharama wanapoijua. Anayekata mti akiwa na deni la pembejeo la AMCOS, linaloweza kukatwa hata kwa wasiokopa, hajakosa kuona mbali. Amebanwa.

Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 ilishaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji, wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, mamlaka ya juu kijijini. Tanzania ikienda kwenye mjadala wa 2027 na mihtasari ya mikutano hiyo badala ya andiko la washauri elekezi, itakuwa na kitu ambacho Geneva hawana. Na idai sharti moja kwa kila shabaha mpya: iandikwe ndani yake nani analipa shabaha hiyo ikikosewa au ikigongana na nyingine. Kama udhibiti wa tumbaku utabaki, na una kila sababu ya kubaki, basi aya inayofuata itaje ni fungu la nani litakalobeba madeni ya vyama vya msingi vya Urambo na Kaliua katika msimu ambao makisio yatapunguzwa.