Lugha Haifunzwi Upwekeni

Imekuwa desturi siku hizi, katika semina za walimu na vikao vya bodi za shule, kusikia kauli moja ikirudiwa na watu wenye heshima zao kana kwamba ni jambo lililokwisha kukatwa hukumu: kwamba dawa ya darasa la lugha lenye wanafunzi wa viwango mbalimbali ni kumkabidhi kila mtoto kishikwambi chake na visikilizio vyake vya masikioni, programu impime, impangie mazoezi yanayomfaa, na kila mmoja aende kwa mwendo wake pasipo kumngoja aliye nyuma wala kumkimbilia aliye mbele. Kauli hii ina sura ya insafu na huruma, na kwa ajili hiyo imekubaliwa kwa wepesi mkubwa. Mimi naiona kuwa ni dhana batili, na tena yenye gharama, kwa kuwa itamaliza fedha za shule maskini na, lililo zito kuliko fedha, itamnyima mwanafunzi dhaifu kile hasa alichokifuata darasani, nacho ni watu wa kusema nao.

Tulitazame kwanza darasa lenyewe, maana wenye kauli hii aghalabu huanza na kifaa. Tanzania Bara, Januari inapoingia, kidato cha kwanza cha shule ya sekondari ya kata hukusanya chini ya paa moja watoto ambao kwa miaka saba wamesomeshwa kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa ni somo mojawapo tu, na pamoja nao wachache waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza ambako lugha hiyo waliisikia tangu chekechea. Mwalimu wa Kiingereza aingiapo na kipindi chake cha dakika 40 humkuta mmoja aweza kusimulia likizo yake bila ya kusita. Mwingine hutamka kila neno la kitabu sawasawa asielewe hata nusu ya alichokisoma. Wa tatu huelewa akisikia, lakini hathubutu kufungua kinywa. Na wa nne mstari mmoja humshinda. Wote hao wanangojewa na biolojia, jiografia na hisabati, ambazo tangu mwaka huo watazipokea kwa Kiingereza, wakiwa tayari au hawako tayari. Huu ndio uzito wa jambo, na mwenye kuutaka wepesi asidhani kuwa nauchukulia uzito huo kwa mzaha.

Basi na tumpe yule wa nne kishikwambi chake. Picha ya mwavuli yatokea kiooni, na chini yake maneno manne. Akigusa lililo sawa, alama ya kijani huwaka na kengele hulia. Akikosea, hurudishwa nyuma mpaka apatie. Baada ya wiki chache atayatambua maneno mengi, na sikanushi kwamba hiyo ni faida. Lakini angalieni ni kazi gani aliyoifanya muda wote huo: amechagua. Hakuna aliyemwuliza neno asilolitarajia, hakulazimika kulitafutia njia jambo alijualo kwa maneno machache aliyo nayo, hakueleweka vibaya akajieleza upya, hakumwona mwenziwe akikunja uso naye akatambua kuwa amekosea. Siku atakayosimamishwa na mwalimu wa biolojia na kuulizwa kwa nini jani la mmea uliofichwa gizani hugeuka manjano, hapatakuwa na maneno manne ya kuyagusa.

Na liko lingine baya kuliko hilo. Programu ikishampima mtoto na kumwona dhaifu, humpa maneno ya walio dhaifu, na sentensi za walio dhaifu, na kesho humpima tena kwa hayo hayo iliyompa jana. Ilhali hatua tatu kutoka alipoketi yuko mtoto wa rika lake anayeisema lugha hiyo kwa ufasaha, ambaye angeweza kumsikia, kumwuliza na kumwiga, lau wote wawili wasingekuwa wamezibwa masikio. Yule fasaha naye amedhulumiwa. Amepewa mazoezi ya juu ayafanye peke yake, akakosa taabu iliyo njema ya kumweleza mtu asiyeelewa, taabu ambayo humfanya msemaji alijue vyema lile aliloliona kuwa amekwisha kulijua.

Watetezi wa kauli hii hupenda kututajia Tanga, na ni haki tuwajibu kwa insafu. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, kwa muda wa miezi 15, shindano la Global Learning XPRIZE liliwagawia vishikwambi watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo, kwa msaada wa serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua vikajengwa huko huko vijijini. Watoto hao wengi wao walikuwa hawajapata kuingia shuleni, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja la Kiswahili. Ilipofika mwisho, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Ni jambo la kushukuriwa, wala sitaki kulipunguza. Lakini wengi wa watoto wale hawakuwa na mwalimu wala darasa, na lugha waliyokuwa wakijifunza kuisoma ni ile inayosemwa sokoni, dukani na redioni katika mkoa wao, hata ikawa herufi ndizo zilizokuwa ngeni kwao na lugha yenyewe walikuwa wakiisikia kila siku. Wa kidato cha kwanza akivua visikilizio, Kiingereza hakimo sokoni kwao wala jikoni kwa mama yake. Faida aliyoipata asiye na mwalimu ni hoja ya kumpa kifaa asiye na mwalimu; haiwezi kuwa hoja ya kumnyamazisha mwalimu aliyeko.

Ya Peru hawayataji. Huko serikali iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi chini ya mpango wa One Laptop per Child, na watafiti walipozichunguza shule 319 za mashambani, katika taarifa iliyotoka mwaka 2012, hawakuona kwamba watoto waliopewa kompyuta waliwapita wenzao katika hisabati wala katika lugha. Wenye hadhari zaidi hutaja Delhi, ambako programu iitwayo Mindspark, inayopima kiwango cha kila mtoto na kumfuata pale alipo, iliwainua watoto katika hisabati na katika Kihindi, kama ilivyochapishwa mwaka 2019. Hiyo ni hoja ya kweli na naikubali. Ila naomba isomwe yote: watoto wale walikaa na mashine kwa dakika 45, kisha wakakaa dakika 45 nyingine na mwalimu msaidizi katika makundi madogo ya watu 12 mpaka 15. Sijui ni shule gani ya kata itakayonunua nusu ya kwanza ya mpango huo kisha ikapata walimu wa nusu ya pili. Na anayeuza vishikwambi huiuza ile nusu ya kwanza peke yake.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi uko Kisumu, nchini Kenya. Huko kulifanywa jaribio la kusomesha watoto wadogo kusoma, vifaa vikagawiwa kwa njia tatu: mahali pamoja walipewa washauri wanaotembelea shule na kuwaelekeza walimu, mahali pengine wakapewa walimu wenyewe, na pengine kila mtoto akapewa kisomeo chake cha kielektroniki. Watoto wakasonga mbele katika njia zote. Lakini kumpa kila mtoto kifaa hakukuleta tofauti iliyostahili gharama yake, nayo ndiyo iliyokuwa njia ghali. Ile ya kumpa mshauri wa walimu ndiyo iliyozaa zaidi kwa kila shilingi. Serikali ya Kenya ilipoanzisha Tusome, mpango wa kufundisha kusoma, nchi nzima mwaka 2015, kila mtoto alipewa kitabu, na kishikwambi akapewa afisa wa elimu aketi nyuma ya darasa, autazame ufundishaji, kisha awaite watoto watatu awasomeshe mistari michache na kuandika walipofika, ili azungumze na mwalimu kabla ya kuondoka.

Wala si jambo jipya kwamba mashine moja yaweza kulihudumia darasa zima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilifundisha Kiingereza katika darasa la kwanza mpaka la tatu kwa redio, nusu saa kila siku ya masomo, vipindi vikiwa vimeachiwa nafasi maalumu za ukimya ili watoto wajibu kwa sauti, wasimame, waonyeshe kitu, waulizane. Na Zanzibar nayo, miaka ishirini na zaidi baadaye, ikawa na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze. Katika kujibu kwa pamoja, mtoto asiyejua hubebwa na sauti za wanaojua, na siku ya tano sauti yake ni miongoni mwa zinazobeba.

Waliokulia pwani wanalijua hili tangu utotoni, maana darasa la viwango mbalimbali halikuzaliwa na shule za kata. Chuoni, watoto wanakosomeshwa Kurani, aliye bado kwenye alifu na bee hukaa jamvi moja na aliyefika juzuu ya Amma na aliyekaribia kukhitimu. Kila mmoja ana somo lake na huitwa peke yake mbele ya mwalimu, lakini wakubwa huwasomesha wadogo, na mdogo, angali akihangaika na irabu zake, masikio yake yamekwisha kuzizoea sura atakazozifikia baada ya miaka.

Iko hoja moja iliyobaki, nayo ndiyo inayonigusa: kwamba mashine haicheki. Mtoto dhaifu, wasema, huona haya mbele ya wenzake, na kishikwambi kinamsitiri. Ni kweli huona haya. Lakini haya hiyo imepandwa na watu wazima, katika shule ambazo hadi leo mtoto aliyeponyokwa na neno la Kiswahili huvishwa kibao shingoni na kutembezwa nacho mpaka ampate mwingine wa kumvisha. Na anayeiacha adhabu hiyo ibaki, kisha akamnunulia mtoto visikilizio ajifiche, hajamwondolea haya, ameiahirisha mpaka siku ya usaili wa kazi. Mwanafunzi mwoga anahitaji kujiandaa kwanza, kisha kusema na mtu mmoja, kisha na wanne, na ndipo aseme mbele ya darasa.

Hapo ndipo kifaa kina kazi tukufu, na kifaa chenyewe kipo. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa kwa walimu. Mwalimu wa Kiingereza na achague hadithi ya ukurasa mmoja, na yule mtoto aliyetoka mchepuo wa Kiingereza apewe kazi ya kuirekodi: aisome mara tatu, kila mara taratibu zaidi, mpaka mwalimu aridhike kuwa asiyeizoea lugha aweza kuifuata. Kesho yake vitabu vifungwe, sauti ile itoke kwenye spika moja mbele ya darasa, na wanafunzi wawe katika makundi ya wanne wanne waliochanganywa kwa makusudi. Aliye dhaifu kabisa apewe kusikiliza majina, mahali na saa. Wa kati apange matukio. Fasaha akatazwe kujibu, aruhusiwe kuuliza tu. Hadithi irudiwe mara ya pili, na ya tatu, na ya nne ikibidi, kwani mashine haichoki kurudia na mwalimu huchoka. Kisha anayeanza kutoa taarifa ya kundi awe yule wa majina na mahali, ambaye kwa mara ya kwanza anajua jambo ambalo wenziwe wanalihitaji. Wengine wakiwa wanaandika, mwalimu awaite wanne kando, kila mmoja asome kwa dakika moja huku akirekodiwa. Kwa wanafunzi sitini, akiwaita wanne katika kila kipindi, vipindi kumi na tano vyatosha kuwa na sauti ya kila mtoto. Na ifikapo Mei atamsikilizisha mtoto sauti yake ya Februari, na mtoto atajihukumu mwenyewe.

Bodi ya shule iliyotenga fedha za kununua vishikwambi arobaini na iufungue upya muhtasari wa kikao chake. Inunue spika moja yenye betri inayotosha siku nzima, na nakala za hadithi fupi zitakazowatosha watoto wawili wawili. Imlipie mwalimu bando la mwezi. Na fedha itakayobaki imwajiri mwalimu wa pili wa Kiingereza, hata kama ni wa kujitolea anayepewa posho, ili darasa la sitini liwe mara nyingine la thelathini.