Nunua Nguo Juani

Leo nina neno juu ya maturubai ya buluu yanayofunika vibanda vya mitumba hapa kwetu Kakamega. Wahenga walinena kuwa macho hayana pazia. Nadhani hawakuwahi kuingia katika vibanda hivi!

Maoni yangu ni kwamba muuzaji anayejifunika turubai la rangi anafaa kumruhusu mteja atoke na nguo juani kabla hajalipa. Wengi hukataa. Ati utatoroka nayo!

Sababu yangu iko katika fizikia. Mwaka wa 1672 Isaac Newton, yule Mwingereza, alichapisha maelezo kwamba mwanga mweupe wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Nguo haina mwanga wake yenyewe. Humeza baadhi ya rangi zinazoiangukia, nyingine huzirudisha, na hizo ndizo tunazoziona. Nguo ya damu ya mzee hurudisha wekundu. Turubai la buluu nalo hupitisha zaidi mwanga wa buluu. Sasa huo wekundu utatoka wapi? Nguo hukosa cha kurudisha, basi huonekana nyeusi ti!

Hayo ndiyo yaliyomkuta shangazi yangu. Alikuwa akimtafutia binamu yangu sweta nyeusi ya shule. Aliivuta, akaikagua mishono, akalipa. Kufika nyumbani, lo! Damu ya mzee. Jumatatu mtoto akafukuzwa darasani akalete sweta inayofaa, na pesa zenyewe zilikuwa zimekwisha. Alikosa masomo siku nne.

Hata hivyo, siwezi kumwita yule muuzaji mwizi. Ameketi humo tangu asubuhi, na macho huzoea mwanga yaliomo hata mtu asijue kuwa kuna buluu. Ukitembea ndani ya Msitu wa Kakamega mchana ni vivyo hivyo: majani ya juu humeza wekundu na buluu, mwanga unaofika chini una ukijani, lakini baada ya muda huuoni tena. Mimi ninaowashuku ni wa mwavuli mwekundu juu ya nyanya, na bucha likiwasha taa nyekundu juu ya nyama. Hapo mtu amechagua rangi akijua inamfaa yeye.

Kama muuzaji anaogopa kutorokwa, si ashike pesa kwanza, mteja atoke hatua mbili, arudi? Au aache upenyo wa jua upande mmoja, aning'inize nguo hapo. Turubai jeupe nalo lingemaliza maneno yote, maana halichagui rangi ya kupitisha.

Na walimu wetu wa zamu, tafadhali. Sweta ni ya kuzuia baridi, na baridi ya Julai hapa Kakamega mnaijua. Mwacheni mtoto asome kwanza, mzazi apewe hata wiki mbili za kutafuta nyingine.