MAMBO YA NYUMBANI: Simu Yenye Wenyewe Wawili

Tuliazimia mwezi huu kunena juu ya kuhifadhi mahindi ghalani yasiliwe na dumuzi. Walakini limetokea jambo mtaani petu lililotulazimisha kuyaweka mahindi kando, nalo ni jambo la simu ya mkononi. Yafaa tulieleze tangu mwanzo wake, maana twajua ya kuwa katika nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu jambo kama lile laweza kutokea kesho.

Mwalimu mmoja wa kike, jirani yetu, alinunua simu siku ya mnada. Si simu mpya, bali ilikuwa safi, kioo chake hakina ufa, na kijana aliyeiuza alimwamkia kwa heshima, akasema, "Shikamoo mwalimu. Hii ni yangu mwenyewe, nauza kwa sababu ya ada ya mdogo wangu." Mwalimu akatoa shilingi 180,000, akapewa simu na chaja yake. Akaichomoa laini katika simu yake kuukuu, akaitia katika ile mpya, kisha akampa mwanawe ile kuukuu aichezee.

Sasa fahamuni ya kuwa mwalimu huyu ndiye mtunza fedha wa akina mama kumi na wanne, ambao kila juma huweka akiba kidogo kidogo. Na akiba hiyo wameiweka katika namba yake ya simu, maana wanaona ni salama kuliko sanduku chini ya kitanda.

Siku ya kumi na moja, usiku, akaja mbio mlangoni kwetu, naye analia. Kioo cha simu kilikuwa kimegeuka chote, kina maneno yanayosema kwamba simu hii ina deni, na ya kuwa haitafunguka mpaka deni lilipwe. Akibonyeza hivi, maneno ni yale yale. Akizima na kuwasha, maneno ni yale yale. Haikukubali jambo lolote ila kupiga namba za dharura. Naye akasema, "Baba, fedha za watu zimefungiwa humu ndani."

Tukamwambia anywe maji kwanza. Kwa kweli hata sisi moyo ulitushtuka, lakini twajua jambo moja ambalo wengi hawajaambiwa waziwazi, nalo ndilo lililotuokoa usiku ule: fedha hazimo ndani ya simu. Simu ni chombo tu. Fedha ziko kwenye hesabu za kampuni, chini ya jina la mtu aliyeandikishwa laini, nayo laini ni ufunguo wa kuzifikia. Basi tukaichomoa laini yake. Ilikuwa imekatwa ndogo kabisa, kama ukucha, na simu ya vitufe ya bibi yetu hutaka laini kubwa; tukatafuta katika droo ile fremu ya plastiki ambayo laini huja nayo (nasi twawashauri msiitupe), tukaipachika, tukaiwasha. Mwalimu akabonyeza zile namba za nyota, akaweka namba yake ya siri sisi tukiwa tumegeuza nyuso, na salio likaonekana: shilingi 612,000 kamili. Akakaa chini sakafuni, akacheka na kulia pamoja.

Hapo tungaliweza kuishia, kama si swali tulilomwuliza kabla hajaondoka: "Laini hii imeandikishwa kwa jina la nani?" Akanyamaza. Tutarudi kwa swali hilo, lakini kwanza tuitazame ile simu.

Kwa nini simu hufungwa? Ziko kufuli za namna tatu, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kufuli ya mtandao. Katika nchi nyingi za ng'ambo, kampuni za simu ziliwauzia watu simu kwa bei iliyo chini ya thamani yake, au kwa malipo ya kila mwezi, zikitumaini kuirudisha gharama yake kwa kuwa mteja atatumia mtandao wao tu. Ili asihame, waliifunga simu isikubali laini ya kampuni nyingine. Watu wakanung'unika, na sheria zikafuata. Huko Marekani, mwaka 2014 ilipitishwa sheria ya kumruhusu mwenye simu kuifungua. Kanada ilikataza kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 1, 2017, na Uingereza ikafanya vivyo hivyo Desemba 2021. Lakini simu nyingi zilizotoka zamani bado zinazunguka duniani, na huko Marekani zile simu rahisi za malipo ya kabla mara nyingi huuzwa zikiwa zimefungwa, zisifunguliwe mpaka zimetumika huko kwa muda uliowekwa na kampuni.

Twalijua hili kwa hasara yetu. Ndugu yetu aliyeko Chicago alitununulia simu ya namna hiyo kwa upendo mwingi, akaituma kwa mkono wa msafiri. Tuliitia laini ya hapa, ikatuomba namba ya kuifungulia. Fundi wa kwanza alikula shilingi 15,000, fundi wa pili 20,000, wala hakuna aliyefaulu. Ingetosha ndugu yetu aulize dukani neno moja tu, kama simu imefunguliwa kwa mitandao yote, kabla hajalipa. Simu ile hata leo hutuamsha asubuhi, maana saa yake ni nzuri.

Hapa kwetu faida ya simu isiyofungwa ni kubwa kuliko watu wa mijini wanavyodhani. Kijijini, mnara wa kampuni hii husikika upande wa shule, na wa kampuni ile upande wa mtoni. Tena Tanzania tangu Machi 1, 2017 mtu aweza kuhama kampuni bila kubadili namba yake, na Kenya walitangulia mwaka 2011. Lakini ruhusa hiyo haimfai kitu mwenye simu inayokataa laini nyingine.

Kufuli ya pili ni ya mwenyewe wa zamani. Tangu mwaka 2013 kwa simu za Apple, na mwaka 2015 kwa nyingi za Android, simu iliyofutwa kwa nguvu huuliza anwani na neno la siri la mwenyewe wa kwanza. Kusudi lake ni jema, yaani mwizi asipate faida. Walakini humwumiza hata mnunuzi mwaminifu aliyeuziwa na mtu msahaulifu. Dawa yake ni kumwambia muuzaji aiondoe anwani yake mbele ya macho yako, kisha aifute simu yote, nawe uiwashe upya mpaka mwisho. Ikikuuliza neno la siri la mtu mwingine, irudishe mkononi mwake.

Ya tatu ndiyo iliyompata mwalimu, nayo ndiyo mpya zaidi katika nchi zetu: kufuli ya deni. Kenya, mwaka 2020, kampuni ya Safaricom pamoja na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, mtu apewe simu kwa kianzio kidogo, kisha alipe kidogo kila siku. Mipango mingine ya jinsi hiyo imeenea, hata Tanzania. Hatuisemi vibaya, maana imewafikishia simu nzuri watu ambao wasingeweza kutoa fedha zote kwa mara moja. Lakini kukopa harusi, kulipa matanga. Simu za jinsi hii zina programu ndani yake isiyofutika, na mkopaji akikosa kulipa, kampuni huifunga ikiwa mbali. Basi yule kijana alikopa simu, akalipa kidogo, akaiuza kama mali yake, akaacha kulipa. Simu ikawa na wenyewe wawili: kampuni kwa hati, na mwalimu kwa fedha alizotoa mnadani. Na hati ndiyo inayoshinda.

Je, angeweza kulitambua? Angeweza, kama angechukua nusu saa. Angedai stakabadhi ya dukani yenye jina la muuzaji na namba tambulishi ya simu. Namba hiyo ina tarakimu 15, nayo huonekana ukibonyeza *#06#. Angelinganisha ya kwenye kioo na ya kwenye boksi na ya kwenye stakabadhi. Angeituma kwa ujumbe kwenda 15090, apate kujua kama simu ni halisi au ya bandia. Maana wengi wanakumbuka usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozizima simu bandia nchini, na watu wakaamka na vipande vya plastiki mifukoni. Kenya walifanya hivyo mwaka 2012. Lakini angalieni: ujumbe huo hukuambia uhalisi wa simu, haukuambii deni lake. Deni hujulikana kwa stakabadhi, na kwa kuifuta simu mbele ya muuzaji. Ikiwaka upya na kuandika kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, hiyo bado ina mwenyewe. Na mwisho, angetia laini za kampuni mbili, moja baada ya nyingine, akapiga kwa kila moja, ndipo akahesabu fedha. Kijana mwenye haraka asiyetaka kungoja hayo amekwisha kujibu maswali yote.

Sasa turudi kwenye lile swali la laini. Mwalimu alituambia kwamba mwaka 2020, wakati laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa tangu Januari 20, yeye hakuwa amepata namba ya kitambulisho cha taifa. Binamu yake alikuwa nayo, akaweka kidole chake, na laini ikawa kwa jina la binamu. Tangu siku ile hakuna aliyelikumbuka jambo hilo. Binamu sasa yuko Mwanza, hawasemezani tangu ugomvi wa shamba.

Wasomaji wetu, hili lilitutisha kuliko kioo kilichofungwa. Akina mama kumi na wanne wanaweka akiba yao, nayo kwa hati ni ya mtu aliyeko Mwanza ambaye hata hawamjui kwa sura. Angeweza kwenda kwa kampuni akasema laini imepotea, akapewa nyingine yenye namba ile ile. Au, Mungu apishe mbali, angefariki, na fedha zikadaiwa na warithi wake. Hatusemi kwamba ni mtu mbaya. Twasema ya kuwa fedha za watu zisingojee wema wa mtu asiyejua kama anazo.

Jambo hili ni la kawaida mno. Mume husajili laini ya mkewe, mwana husajili ya mamaye mzee, mwalimu husajili za wanafunzi. Tanzania kila mtu aweza kubonyeza *106# na kuziona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tulifanya hivyo nyumbani kwetu jioni ya pili yake, tukakuta namba moja tusiyoijua kabisa, tukaenda kuikana.

Juu ya matumizi ya kila siku hatuna maneno mengi. Namba ya siri haiambiwi wakala, wala mtoto, wala sauti yo yote inayojiita kampuni. Ujumbe wa "ile fedha tuma kwenye namba hii" upelekwe 15040, usijibiwe. Na malipo ya kabla, ambayo yamewawezesha hata watu wasio na mshahara kuwa na simu, yana uzuri wake wa kwamba hakuna ankara mwisho wa mwezi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayejua ametumia kiasi gani. Sisi tuliandika katika daftari kila vocha na kila kifurushi kwa siku 30. Tulidhani nyumba yetu hutumia shilingi 20,000. Hesabu ilitoka 41,500, na sehemu kubwa ilikuwa vifurushi vya siku moja vilivyokwisha usiku havijatumiwa hata nusu. Sasa twanunua cha juma. Bibi wa nyumba yetu asema kinatosha, ila siku ambazo dada yake wa Muheza ana habari.

Mwalimu alikwenda mjini Jumatatu, pamoja na wawili katika akina mama. Akazitoa fedha zote kwa wakala mbele yao, zikahesabiwa mara mbili. Kisha akasajili laini mpya kwa kitambulisho chake mwenyewe na kidole chake mwenyewe, fedha zikaingizwa humo, na namba mpya ikaandikwa katika kitabu cha akiba, na wote watatu wakatia sahihi. Ile ya binamu ameiacha tupu.

Kwa kampuni aliambiwa kwamba deni lililobaki ni shilingi 137,000, nalo liko kwa jina la yule kijana. Akitaka, aweza kulilipa yeye, na simu itafunguka. Kijana haonekani tena mnadani. Mwalimu alituuliza tumshauri alipe au asilipe. Tulimwambia kwamba kwa fedha hizo na nyongeza kidogo atapata simu mpya ya wastani dukani, yenye stakabadhi kwa jina lake, na ya kuwa taarifa ya kijana huyo aipeleke polisi pamoja na namba tambulishi. Taarifa amepeleka. La simu hajaamua bado. Kwa sasa anatumia ya vitufe, aliyoichukua tena kwa mwanawe, na mtoto amekasirika.