Taa ya kona si pambo la gari

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo, msomaji wangu, nakuongezea langu: usipofunga waya wa gari lako, utamfunga mwenzako plasta.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ana lori kuukuu la kijeshi aina ya Bedford MK. Malori haya yalianza kuundwa mwaka wa 1970 huko Dunstable, Uingereza, ili yabebe tani nne za mizigo ya wanajeshi. Lake alilinunua mnadani kwa malipo yake ya uzeeni, nasi mtaani twalipenda. Hutuletea mchanga wa kujengea na, mifereji ikikauka, mapipa ya maji. Watoto wakiusikia mngurumo wake hutoka mbio kulilaki.

Jumamosi moja jioni Mwalimu alikuwa akikata kona kuingia kulia. Aliwasha indiketa, akaona kitaa cha dashibodi kikimetameta, akakata kona bila wasiwasi. Kumbe nyuma yake kijana mchuuzi wa mkate alikuwa akimpita kwa baiskeli upande uo huo wa kulia. Mikate ilitapakaa barabarani, na kijana akavunjika mguu. Tulipomtembelea hospitalini hakugomba wala hakutukana. Aliuliza tu, "Mwalimu, mbona hukunionyesha?" Mwalimu aliinamisha kichwa. Taa ya nyuma ya kulia ilikuwa haiwaki, naye hakujua.

Siku ya pili tulivaa nguo kuukuu tukaingia chini ya lori. Tuliyoyakuta huko, msomaji, ni funzo kwa kila mwenye gari.

Kwanza, fundi fulani wa zamani alikuwa amezing'oa nyaya za awali na kutandika waya wa nyumba, wote mwekundu. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka hiyo yalikuwa na lugha ya rangi: kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, na kijani chenye mstari mweupe ni ya kulia. Rangi zikipotea, kila fundi anayekuja baadaye hubahatisha. Viungo navyo vilikuwa vimesokotwa kwa vidole na kufungwa kwa vipande vya karatasi ya plastiki.

Pili, lori la jeshi la aina hii hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa kufuatana. Balbu ya volti 12 ukiitia humo huungua papo hapo. Fundi yule alipoona balbu zake zinaungua, alizitolea umeme katika betri moja tu kati ya zile mbili. Zikawaka, naam, lakini huo ni ujanja wa sungura! Betri inayokamuliwa peke yake hubaki na njaa, na mwenzake huchajiwa kupita kiasi. Mwishowe zote mbili hufa kabla ya siku zao. Ndiyo maana Mwalimu alikuwa akilalamika kila mara juu ya bei ya betri.

Tatu, na hili ndilo lililomvunja kijana mguu, ni athi. Umeme unaokwenda kwenye balbu sharti upate njia ya kurudi kwenye betri, na njia hiyo ni bodi na chesisi ya gari. Pale taa ya nyuma ilipofungwa palikuwa na kutu, na juu ya kutu rangi mpya iliyong'ara. Umeme ulifika ukakosa njia ya kurudi.

Basi tukaanza upya. Kwanza tulichomoa betri, tukianza na upande wa athi. Wakati wa kurudisha, upande huo huwa wa mwisho. Tulinunua waya wa gari wa rangi zinazostahili na kuulehemu kila kiungo. Tukaupitisha wote ndani ya mpira, usije ukasuguana na chuma. Mahali pa athi tulipapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza skrubu na kupaka grisi kuzuia kutu. Balbu tukatia za volti 24, wati 21, na umeme wake ukapitia fyuzi yake yenyewe. Flasha nayo tukabadilisha iwe ya volti 24.

Nawe msomaji, huna haja ya kuwa na lori la jeshi ili ufaidike. Washa indiketa uhesabu kwa saa: iwake mara 60 hadi 120 kwa dakika. Ikianza kwenda mbio ghafla, huenda balbu moja imekufa. Ukiwasha indiketa na taa nyingine ya nyuma ikaanza kufifiafifia pamoja nayo, shuku athi. Ukitia balbu za kisasa za LED kwenye gari la zamani, flasha huenda ikashindwa kufanya kazi sawasawa, kwani balbu hizo hunywa umeme kidogo mno. Zaidi ya yote, usikiamini kitaa cha dashibodi. Kabla ya safari mwombe mwanao asimame nyuma ya gari akuambie anachokiona.

Mwalimu aligharimia matibabu ya kijana yule na baiskeli mpya. Kijana alipotoka hospitalini, Mwalimu alimwita kwake, akamsimamisha nyuma ya lori, yeye akapanda na kuwasha indiketa ya kulia.

"Waiona?" akauliza kutoka juu.

Kijana akaegemea gongo lake, akatazama. "Sasa naiona, Mwalimu."

Jumapili njema, na uende ukazitazame taa zako.