Barafu inapungua, lakini njia haijafunguka: juu ya nini meli za utalii zinangojeshwa katika Aktiki

Meli imesimama. Watalii wamekwisha kulipa feza nyingi, wengine walichukua nafasi yao tangu zaidi ya mwaka mmoja, na ndege imewafikisha mpaka mji mdogo wa kaskazini ya Kanada. Lakini kapiteni anaangalia ramani ya barafu iliyotoka asubuhi, kisha anasema: leo hatutoki, kesho tutaona. Mambo ya namna hii yanarudia katika bahari ya Aktiki wakati wa joto, kati ya mwezi wa saba na wa kenda. Na kila mara watu wanauliza: wanatuambia kila siku kama barafu inaisha, sasa ni barafu gani tena inafunga njia?

Swali hili ni la haki. Tuanze na hesabu.

Satelaiti zinafuata barafu ya Aktiki bila kukatiza tangu mwaka 1979. Wakati ule, mwisho wa kipindi cha joto, barafu ilikuwa inafunika karibu kilometa za mraba milioni 7. Mwaka 2012 ilishuka mpaka karibu milioni 3,4, ni kusema nusu ilikuwa imekwenda. Njo maana makampuni ya utalii yaliamini kwamba Njia ya Kaskazini-Magharibi, ile inayopita kati ya visiwa vya Kanada kutoka Atlantiki mpaka Pasifiki, sasa imekuwa barabara. Mwaka 2016, meli kubwa Crystal Serenity iliondoka Seward, katika Alaska, ikapita humo na watalii karibu 1.000, ikafika New York. Mwaka uliofuata ikarudia tena. Wengi wakasema: mambo yamekwisha, bahari imefunguka.

Kisha ikaja 2018. Mwezi wa nane, walinzi wa pwani wa Kanada waliwashauri wenye masuwa ndogo za matembezi wasiingie katika njia hiyo, kwani barafu haingetoka kwa wakati. Peel Sound, mlango mwembamba ambao meli nyingi zinautegemea, ulikuwa umejaa. Masuwa moja ya tanga iliyojaribu kupita ilizamishwa na barafu katika mlango wa Bellot. Watu wawili waliokuwa ndani walikimbilia juu ya kipande cha barafu, na elikopta ikawaokoa.

Hapa njo kuna fundisho. Mwaka huo wa 2018, barafu ya Aktiki nzima haikuwa nyingi: mwezi wa kenda ilibakia karibu milioni 4,6 tu. Ilikuwa kidogo kwa jumla, lakini nyingi pale pale meli zinapotaka kupita. Hesabu ya bahari nzima haimuambie kapiteni kitu juu ya mlango ulio mbele yake.

Juu ya nini? Kwa sababu barafu ya bahari si kifuniko kimoja kinachoyeyuka polepole toka pembeni. Kuna barafu changa, ya mwaka mmoja, ambayo ingali na chumvi ndani na inavunjika kwa urahisi. Na kuna barafu nzee, iliyopita miaka mingi bila kuyeyuka: chumvi imetoka, imekuwa nene na ngumu, inaweza kutoboa chuma cha meli isiyojengwa kwa kazi hiyo. Ile nzee imejikusanya kaskazini ya Groenland na ya visiwa vya Kanada. Zamani barafu changa ilikuwa inaizuia huko kama kizibo cha chupa. Siku hizi kizibo kinayeyuka mapema, na ile nzee inashuka mpaka katika njia nyembamba kati ya visiwa. Mwaka 2024, watafiti walionyesha kwamba kati ya 2007 na 2021, katika sehemu nyingi za Njia hiyo, siku ambazo meli zinaweza kupita zilipungua badala ya kuongezeka. Ni joto lenyewe linaloleta barafu mbaya njiani.

Ongeza upepo. Barafu inatembea. Ramani ya asubuhi inaweza kuwa ya uongo magaribi, na mlango uliokuwa wazi wakati wa kuingia unaweza kufungwa nyuma ya meli. Kwa hiyo kapiteni anayengoja siku mbili ao tatu hafanyi uvivu.

Historia ya pale inatuonyesha. Mwaka 1845 Mwingereza John Franklin alienda na meli mbili na watu 129. Mwaka uliofuata barafu ikazikamata karibu na kisiwa cha King William, na hakuna hata mmoja aliyerudi kwao. Meli zenyewe zilionekana chini ya maji mwaka 2014 na 2016, na ile ya pili ilipatikana kwa habari ya mwindaji Mwinuit wa kijiji cha Gjoa Haven. Mnorwe Roald Amundsen, yeye, aliondoka 1903 na chombo kidogo. Alikaa baridi mbili mahali palepale, akijifunza kwa Wainuit namna ya kuvaa na ya kusafiri, akatoka upande wa pili mwaka 1906. Njia hii haijawahi kumuheshimu mtu mwenye haraka.

Barafu nayo si hatari peke yake. Mwezi huo huo wa nane 2018, meli Akademik Ioffe ilipanda juu ya mawe mbali na kijiji cha Kugaaruk, katika maji yasiyopimwa vizuri. Watalii waliokolewa kwa sababu meli ndugu yake ilikuwa si mbali sana. Kama isingekuwako? Vijiji vya huko vina watu mia kadhaa, pengine elfu moja na kitu. Havina hospitali ya kupokea wageni mia moja kwa usiku mmoja, na chakula chenyewe kinakuja kwa ndege ao kwa meli chache za kipindi cha joto. Watalii wanalipa kampuni, lakini siku ya shida, mzigo unaangukia kijiji na meli za kuvunja barafu za serikali.

Sheria zipo. Tangu 2017 kuna kanuni ya kimataifa inayodai meli na maofisa wawe tayari kwa maji ya barafu. Lakini kanuni hiyo haimuondolee kapiteni mateso ya wateja wenye hasira na ya kampuni inayohesabu hasara ya kila siku.

Mateso hayo, sisi wa Congo tunayajua bila kuona barafu. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, masuwa Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu kabisa na Goma ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Kivu si Aktiki, na mwenye kukimbilia soko si mtalii. Lakini swali ni lile lile: nani ana nguvu ya kusema "hatutoki", na nani analipa hasara ya siku ile?

Katika Aktiki, jibu liko wazi ijapo halifurahishe wauzaji. Wauze safari bila kuahidi njia wala tarehe. Waandike mapema nani atarudishiwa feza meli isipotoka. Wawaulize Wainuit, wenye kuishi na barafu hiyo, mbele ya kuwaletea wageni. Na mtalii ajue kwamba siku aliyongojeshwa bandarini ni sehemu ya safari aliyoilipia.