Ngome Haijengwi Siku ya Vita

Mkwiro ni kijiji cha wavuvi, nacho kipo upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni, katika Kaunti ya Kwale. Hapana motokaa kisiwani humo, na mtu atakaye kwenda bara hana budi kupanda chombo. Kwa sababu hiyo timu ya mpira ya kijiji ina taabu moja ambayo timu za mijini haziijui. Mashua yao huchukua watu kumi na watano, nahodha mbali, na bahari haitaki ubishi. Basi kila mara timu iendapo kucheza ng'ambo, kazi ya kwanza si kufunga viatu, bali ni kuamua nani apande na nani abaki pwani.

Mzee mmoja wa hapo, mvuvi ambaye ujanani alikuwa beki, ndiye aliyepewa na wenzake kazi hiyo isiyo na shukrani. Kulikuwa na mchezo Shimoni siku ya Jumamosi, na Ijumaa jioni akafika mpwa wake, karani wa ofisi moja mjini Mombasa. Kijana huyu ni fowadi hodari. Watoto wa kijiji huiga hata anavyotembea. Lakini tangu mvua za masika hakuwa amegusa mpira pamoja na wenzake. Alimkuta mjomba wake barazani baada ya sala ya magharibi, akishona wavu kwa mwanga wa taa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Habari za Mombasa?"

"Njema. Nimeomba ruhusa ya siku mbili. Nimesikia kesho kuna mpira, nami nimekuja na viatu."

Mzee hakuinua macho. "Viatu nimeviona," akasema. "Lakini mashua imejaa."

ULINZI NI MAZOEA

Kijana alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, aliuliza ni nani aliyewekwa mahali pake, akaambiwa kuwa ni kijana asiye na mbio wala mashuti makali, ila hakukosa mazoezi hata siku moja, jua na mvua.

"Fowadi," mzee akaeleza, "aweza kushuka chomboni asubuhi na kufunga goli jioni, kwa kuwa kazi yake nyingi ni ya mtu mmoja na bahati yake. Lakini mabeki na kipa wao ni kama watu wavutao juya. Mmoja akilegeza, samaki wote hupita kwake. Nao hawawezi kujuana kwa siku moja. Beki wa kushoto yampasa ajue, bila kutazama, kwamba mwenzake wa kati amesogea. Na siku hizi hata fowadi ni mlinzi, maana mpira ukipotea, yeye ndiye wa kwanza kumkabili mwenye mpira. Asiyejua wenzake wanarudi vipi, huacha mlango wazi."

Akatoa mfano ambao kila mpenzi wa mpira nchini aukumbuka. Mwezi wa Agosti 2025 mashindano ya CHAN yalifanywa katika nchi tatu, Kenya, Tanzania na Uganda. Sheria ya mashindano hayo ni kuwa taifa haliwezi kumwita mchezaji isipokuwa yule achezaye katika ligi ya nyumbani. Kwa hiyo Michael Olunga, mfungaji mashuhuri wa Kenya, ambaye alikuwa akicheza Ghuba, hakuweza kuwamo. Watu wengi walisema timu ya mwalimu Benni McCarthy itakuwa ngazi ya wengine kupandia, kwani ilikuwa kundi moja na Morocco, Angola, Zambia na Kongo ya Kinshasa.

Mambo yakawa kinyume. Kenya iliifunga Kongo 1-0. Ikatoka sare 1-1 na Angola, ingawa mchezaji wake mmoja alitolewa kwa kadi nyekundu mapema katika kipindi cha kwanza. Ikaifunga Morocco 1-0, na kipindi chote cha pili ilicheza ikiwa na watu kumi tu. Kisha ikaifunga Zambia 1-0, na kuongoza kundi kwa pointi 10. Katika michezo minne ilifungwa goli moja.

"Watu kumi mbele ya Morocco, ambao mwisho wake ndio waliochukua kombe," mzee akasema. "Je, waliokolewa na mbio? Waliokolewa na mstari. Kila mtu alijua pa kusimama."

JAWABU LA KARANI

Karani hakuwa mjinga, wala hakukosa heshima. Aliacha mjomba wake amalize, kisha akajibu hesabu kwa hesabu.

"Hayo ni kweli, mjomba, lakini hukufika mwisho. Katika robo fainali, tarehe 22 Agosti pale Kasarani, walikutana na Madagascar. Goli letu lilifungwa na Alphonce Omija, naye ni beki. Madagascar wakasawazisha kwa penalti, dakika 120 zikaisha 1-1, na tukashindwa kwa mikwaju 4-3. Michezo mitano, magoli matano, wala hatukupata mawili katika mchezo hata mmoja. Mtu asiyefunga la pili hukaa akiombea filimbi ilie. Ngome ni njema, lakini aliye ndani ya ngome bila ya mshale hufa kwa njaa."

Mzee aliweka sindano ya wavu chini. Wenziwe waliokuwa barazani walicheka, kwa kuwa ni nadra kumwona akikosa neno. "Hilo ni kweli," akasema hatimaye. "Siwezi kulikataa." Lakini hakusema kwamba mashua ina nafasi.

MTUPAJI NA MAPUMZIKO YAKE

Karani alipoona mlango umefunguka kidogo, alileta habari za mchezo mwingine. Wamarekani wana mchezo uitwao besiboli. Huchezwa na watu tisa kila upande, na jambo la ajabu ni kwamba upande unaolinda ndio unaoushika mpira. Mtupaji husimama katikati ya uwanja, humtupia mpira mpiga gongo wa upande wa pili, na nyuma ya mpiga gongo huchutama mdakaji aliyevaa kinyago cha chuma. Mtupaji akiwa hodari, wapigaji hutoka mmoja baada ya mmoja bila kufanya kitu. "Kwa hiyo, mjomba, mtu mmoja hodari aweza kuushika mchezo mzima mkononi mwake."

Mchezo huo si wa Wamarekani peke yao. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, mji wa viwanda vya sukari katika njia ya Kampala kwenda Jinja, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto yanayofanywa Williamsport, Pennsylvania. Walianza kwa kufungwa na Panama 9-3, lakini kabla ya kurudi kwao waliifunga timu ya Gresham kutoka jimbo la Oregon, 3-2.

Mzee alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali moja. "Huyo mtupaji, hutupa kila siku?"

Karani hakuweza kuficha. Katika mashindano hayo mitupo ya kila mtoto huhesabiwa. Mwenye umri wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kupita mitupo 85 kwa siku, na akitupa 66 au zaidi hana budi kupumzika siku nne kamili kabla ya kutupa tena, kwa sababu mkono wa mtoto huharibika upesi. Basi kiongozi wa timu lazima awe na watupaji wa akiba, na aamue mapema ni nani atupe leo na ni nani awekwe kwa ajili ya kesho kutwa.

"Basi umenisaidia mimi, hukujisaidia wewe," mzee akasema. "Huko nako ushindi ni wa yule aliyepanga watu wake mapema, wala si wa yule mwenye mtu mmoja wa kutazamwa. Na huyo mdakaji aliyechutama, ambaye hukumsifu hata kwa neno moja, bila shaka yeye na mtupaji wamezoeana siku nyingi."

Karani akakubali kuwa ndivyo ilivyo. Akaongeza jambo lililowagusa wote waliokuwapo. Mwaka uliotangulia, yaani 2011, timu nyingine ya watoto wa Uganda ilikuwa imekwisha shinda na kupata haki ya kwenda Williamsport, lakini ilinyimwa ruhusa ya kuingia Marekani kwa sababu karatasi za umri na kuzaliwa za baadhi ya watoto hazikupatana. Walioshinda uwanjani wakashindwa ofisini. Mzee mmoja pale barazani, ambaye wajukuu zake wawili hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, alinyamaza kimya kwa muda mrefu.

KIPA WA PILI

Kijana alijaribu mara ya mwisho. Aliuliza kwa nini katika watu kumi na watano wamo makipa wawili, na ilhali mmoja hakika atakaa chini ya mwembe tangu mwanzo hata mwisho.

Mzee alikuwa amengojea swali hilo. Alikumbusha habari za Mahmoud Abbas, kipa wa Mombasa ambaye watu walimpa jina la Kenya One. Kenya ilichukua Kombe la Challenge mara tatu mfululizo, mwaka 1981, 1982 na 1983. Fainali ya mwaka 1982 ilichezwa Kampala mbele ya Waganda wenyewe, ikaisha 1-1, na Kenya ikashinda kwa mikwaju ya penalti 5-3. Mzee aliisikia kwa redio, akiwa kijana.

"Siku ile ndiyo niliyojua thamani ya kipa," akasema. "Fowadi akiumia, aliye winga aweza kuingia katikati. Kipa akiumia, hapana wa kuazima. Mtu huchukua ndoo ya kufutia maji chomboni si kwa kuwa mashua inavuja, bali kwa kuwa huenda ikavuja."

"Na mama je?" kijana akauliza kwa sauti ya chini. "Atasema kakake amenifukuza mbele ya watu."

"Mama yako ni dada yangu, nami nampenda. Lakini akija asubuhi nitamjibu hayo hayo. Nikikupandisha wewe leo kwa sababu ya udugu, kesho nani atakuja mazoezini?"

MCHEZO WA SHIMONI

Alfajiri ya Jumamosi kijana mmoja katika wale kumi na watano aliumia mguu mwambani alipokwenda kutazama mtego wake. Nafasi ikapatikana. Baadhi ya watu walitaka karani aingie katika kumi na mmoja mara moja, mzee akakataa. Alimpandisha chomboni kuwa wa akiba, na kijana, kwa heshima yake, hakubisha.

Mchezo ulikuwa mgumu. Shimoni walishambulia kipindi chote cha kwanza, lakini mabeki wa Mkwiro walisogea pamoja na kurudi pamoja, na yule kijana asiye na mbio aliwazuia watu wawili peke yake. Hata mapumziko ilikuwa 0-0. Zilipobaki dakika ishirini mzee alimwita mpwa wake. Baada ya dakika tano karani alipokea mpira upande wa kulia, akampita beki aliyechoka, akafunga goli ambalo hata watu wa Shimoni walilipigia makofi.

Lakini dakika kumi baadaye beki wa kushoto wa Shimoni alipanda mbele na mpira kwa upande ule ule. Aliyepaswa kurudi naye ni karani. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, akingojea mpira mwingine. Beki yule alipata nafasi ya kutazama, akaupeleka mpira katikati, ukapigwa kichwa, na kipa hakuuona. Mchezo ukaisha 1-1, na viongozi wa pande zote mbili wakakubaliana kurudiana baada ya wiki mbili.

Waliporudi, jua lilikuwa linatua na maji yametulia. Hakuna aliyemlaumu kijana, na hakuna aliyemsifu. Alikaa mwisho wa mashua karibu na mjomba wake, na walikuwa wamekwisha vuka nusu ya mlango wa bahari ndipo aliponena.

"Mjomba, goli lile lilikuwa langu."

"Yote mawili yalikuwa yako," mzee akajibu. "La kwanza nakushukuru, maana bila wewe tungalikosa. Ulisema kweli jana, ngome peke yake haitoshi. La pili si kosa la miguu yako, bali ni la siku ulizokuwa mbali. Wenzako walipiga kelele 'rudi', nawe hukuzijua sauti zao."

Kijana akauliza kama atakuwamo katika mchezo wa marudiano. Mzee alitazama mwambao wa Mkwiro, ambako watoto walikuwa wamekwisha kusanyika kungojea habari, na wanawake kando yao, dada yake miongoni mwao.

"Nafasi ipo," akasema. "Lakini ukiomba ruhusa ofisini, iombe ya juma zima. Njoo Jumatatu, usije Ijumaa."