Acheni Kuiabudu Analojia

Mwaka 2013, wakati wa uchaguzi mkuu wa Kenya, neno analojia lilikuwa tusi. Upande wa Uhuru Kenyatta ulijiita wa dijitali, na wapinzani wakaitwa analojia, yaani watu waliopitwa na wakati. Mimi nilikuwa mtoto katika kambi ya Kakuma, na uwanjani tulimwita analojia kila aliyekosa mpira. Leo hapa Juba, katika vyumba vya kurekodia muziki vya Gudele na Munuki, mambo yamegeuka. Analojia imekuwa sifa, tena karibu ibada.

Kijana ana kompyuta na maikrofoni moja. Nyimbo zake zikisikika vibaya, lawama yote anaitupia dijitali. Anasema sauti ya kompyuta ni baridi na ya analojia ina joto. Ndoto yake ni mikisa kubwa yenye vifundo vingi kama aliyoiona kwenye video. Mimi nasema ndoto hiyo inatupotosha. Inakula pesa zetu, na baya zaidi, inakula muda ambao wazee wetu hawana.

Nasema hivi kwa sababu imeniuma mwenyewe. Mimi na wenzangu wawili tulichanga pesa mwaka mzima, tukaagiza mikisa iliyotumika kutoka Kampala. Ilikuja kwa lori kupitia Nimule. Tulipoiwasha kwa jenereta ilivuma kama nyuki. Vumbi likaingia kwenye vifundo, kila ukikigusa kimoja kinakwaruza. Fundi wa kuitengeneza hatukumpata. Wakati huo nyanya yake mwenzetu mmoja, aliyejua nyimbo za Kibari za kupalilia, alikuwa tayari kuja kutuimbia. Tukamwambia angoje mashine ipone. Alifariki kabla haijapona. Muda wote huo simu zetu zilikuwa mfukoni. Simu ingetosha.

Sasa tuulize, hilo joto ni nini? Ukiingiza sauti kubwa kwenye tepu, tepu huiponda kidogo, na masikio yetu hupenda ladha hiyo. Ni kasoro tamu, lakini ni kasoro. Rekodi ya dijitali ya biti 16, kama ya sidii, ina nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Chumba chenye paa la bati, na jenereta ya jirani inanguruma nje, hakikaribii kuijaza nafasi hiyo. Kinachoharibu nyimbo zetu ni chumba, wala si kompyuta.

Najua mtanijibu: mbona nyimbo za Redio Tanzania Dar es Salaam za miaka ya 1970 ni tamu hadi leo? Ni tamu kweli. Lakini zilipigwa na bendi zilizokwisha kuiva kwenye kumbi za dansi, wanamuziki wakisimama pamoja na kupiga wimbo mwanzo hadi mwisho. Tepu haikuwa kitu cha kuchezea. Kwa kasi ya inchi 15 kwa sekunde, tepu ya futi 2,500 huisha kwa dakika 33 hivi. Kwa hiyo watu walifanya mazoezi kwanza, wakaamua, ndipo wakarekodi. Hilo ndilo la kuiga, na haliuzwi dukani. Tena tepu zenyewe huzeeka, na ili zisipotee inabidi zihamishiwe kwenye dijitali.

Tazameni pia vijana wa singeli. Studio ya Sisso iko Mburahati, Dar es Salaam, mtaa wa watu wa kawaida, na kazi yake inafanywa kwa kompyuta. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wao, Sounds of Sisso, na baadaye wakaitwa kupiga Ulaya. Hawakungoja mikisa kubwa. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Basi ndugu zangu, pesa mliyoiweka kwa ajili ya mikisa nunueni vitu vingine. Nunueni maikrofoni ngumu isiyohitaji umeme wake, mfano wa Shure SM58 ambayo imeuzwa tangu 1966, ila jihadharini na bandia. Nunueni betri na sola, ili mrekodi jenereta yenu ikiwa imezimwa. Tundikeni mablanketi na magodoro ukutani. Rekodini alfajiri, kabla mtaa haujaamka. Programu ya Audacity ni ya bure. Kila mkimaliza, wekeni nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, kwa maana sisi watu wa Juba tunajua jinsi nyumba inavyoachwa kwa saa moja.

Mwenye pesa nyingi na fundi wake anunue analojia, simkatazi. Lakini sisi tusio nazo tusitumie neno joto kuficha uvivu wa kuanza. Mikisa yetu bado iko chini ya kitanda, imefunikwa kitambaa. Nyimbo za nyanya yule hazipo popote.